Niliwaita Watoke Kisiwani

Félicité mwanangu,

Umevuka mto kwenda mjini Makiso kuaga wenzako, na mama yako yuko sokoni anachagua kwanga, mikate ya muhogo, za safari. Nyumba imebaki yangu peke yangu kwa muda wa saa mbili. Mambo ya boti, ya chandarua na ya wanaume wa Kinshasa, mama yako atakuambia yote mpaka masikio yakuume, nami siwezi kushindana naye. Mimi nina jambo moja tu. Nisipoliandika sasa nitalimeza tena, na nimechoka kulimeza.

Jumanne ulirudi kutoka kwa Mama Cécile, mjane wa mwalimu Bolamba, ukiwa na daftari lako la ushahidi. Ulikaa hapo kwenye benchi, hukuvua hata viatu, ukaniuliza: "Papa, ile siku banaua ba-moniteur hapa beach, nani alikuwa anapiga lokole? Mama Cécile anasema hajue. Weye iko muzee ya Lubunga, utajua." Mimi nilikuwa nakaza spoku za baiskeli ya yule mtu wa toleka, anayebeba abiria. Nikakujibu bila kuinua kichwa: "Ni zamani sana, mwana. Sikumbuke." Ukasema, "Bon, nitaacha pale vide, wazi," ukaandika kitu, ukaingia ndani kula.

Nilikumbuka vizuri, Félicité. Ni mimi niliyepiga.

Sasa umelijua. Kama unataka kuitupa barua hii hapa, itupe, lakini ningependa uisome yote. Wiki nzima nimekuwa nikikucheka kwa ajili ya lile neno lako. "Activiste, hiyo iko kazi gani? Banavaa uniforme ya rangi gani?" Ukanijibu kwa utulivu ule unaoniudhi: "Papa, activiste ni mutu anakataa kunyamaza." Mama yako alidhani nimekasirika kwa sababu umeacha kazi ya dispensari. Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Wewe unasema activiste, redio za Kiswahili zinasema mwanaharakati, sisi tulisema militant. Nimeishi ndani ya neno hilo kabla hujazaliwa na najua linavyonuka.

Wewe unanijua mimi ni fundi wa baiskeli. Hujawahi kuniona na fimbo za lokole mkononi, na wazee wa mtaa huu wamekuwa na adabu ya kutokuambia. Babu yako alikuwa mpigaji kule Yanonge, akanifundisha mimi. Unajua lokole ni gogo lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili, mmoja una sauti ya kiume na mwingine ya kike. Kwa sababu sauti ni mbili tu, neno fupi halisikiki, linachanganyika na mengine. Kwa hiyo kila kitu hupewa jina refu. Mtu pia ana jina lake la lokole, refu, lenye jina la baba yake ndani. Ukilipiga, mwenyewe akiwa ng'ambo ya mto anaacha nyavu na kusikiliza. Kitu kingine ambacho vijana wa leo hamkijui ni kwamba kila mpigaji ana mkono wake. Watu wa mtoni walikuwa wakisikia maneno mawili tu wanasema huyu ni fulani, kama unavyonijua mimi kwa kikohozi changu kabla sijafungua mlango.

Mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville na Wabelgiji walikuwa bado wanatuamuru tulipoanza siasa. Mkuu wa chama katika mtaa wetu alikuwa karani wa bandari, tukimwita Papa Antoine, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alikuja kwangu akaniambia: "Lifoli, bazungu iko na redio, sisi hatuna redio. Weye uko na lokole. Ita ba-militant yote bakuje."

Nikamwambia lokole haina neno hilo.

"Alors, tafuta."

Nilitafuta siku mbili. Nilimuuliza: militant ni nani hasa, ni mwenye kadi? Akasema kadi ni karatasi tu, militant ni yule anayeamka na kumwamsha mwenzake. Basi nikatengeneza jina: watu waliokataa kulala, wanaogonga mlango hadi mlango. Siku ya kwanza nilipolipiga, mitumbwi ilikuja kutoka kila upande na ukingo wa mto ukajaa watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mtu wa darasa la nne aliyefeli, na mbele yangu mamia ya watu wazima walikuwa wamesimama kwa sababu mikono yangu imewaita. Nilijiona mkubwa, mwanangu, na sikuona aibu yoyote kujiona hivyo.

Mkutano wa tatu askari walikuja. Hawakusema tawanyikeni mara mbili. Walipiga virungu kwanza, kisha risasi. Mama mmoja muuza samaki alipigwa shingoni akiwa na karai kichwani, akakaa chini polepole, karai halikuanguka mpaka yeye mwenyewe alipoanguka. Mtu aliyekuwa kando yangu alikuwa anashika tumbo lake kwa mikono miwili na kuniomba maji, na nilipomletea hakuwa na haja nayo tena.

Yule mama hakuwa wa chama. Alikuja kwa sababu penye mkusanyiko samaki wanauzika. Lakini kesho yake Papa Antoine alisimama kaburini akasema, "Huyu iko militant yetu ya kwanza kufa," wakamfunika kwa bendera. Binti yake mkubwa aliuliza, "Militant? Mama yetu?" Mimi nilikuwa pale na nilijua nani alimwita mama yake, nikapiga makofi na wengine. Kama ningemjibu yule binti siku ile, labda nisingekuwa na haja ya kukuandikia leo. Utakapoita watu waje barabarani kule uendako, na najua utaita, watakuja pia wale waliokuja kuuza samaki. Watazame hao kwanza.

Uhuru ulikuja, tukacheza siku tatu. Baada ya miaka michache tulikuwa na njaa, askari wetu wenyewe walitupiga kwa virungu vilevile, na wakubwa walipanda magari ya wazungu na kukaa kwenye nyumba za wazungu. Basi waasi walipouteka mji tuliwashangilia. Walikuwa vijana, wengine hawajaota ndevu, wamefunga majani kichwani na wamechanjwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali walikimbia wakitupa viatu. Mimi pia nilichanjwa. Hizi alama kifuani ambazo nilikuambia ni za ugonjwa wa utotoni, sizo.

Wiki ya pili neno letu lilibadilika mikononi mwetu. Kwenye kila bariyeri, vizuizi vyao vya barabarani, waliuliza, "Weye militant?" Mtu akikawia kujibu, au akijibu kwa Kifaransa kizuri mno, au akiwa na miwani, walimtoa kando. Wenye elimu wote waliitwa watu wa wazungu. Niliona mtu wa benki akichomwa mkuki tumboni akiwa bado anatafuta kadi yake mfukoni. Kwenye mnara ule wa mjini waliwaua watu mbele ya umma, na umma ulipiga makofi, na wengine walipiga makofi ili wasiwe wanaofuata. Maiti zilipita mtoni mbele ya nyumba zetu kwa siku nyingi, mama zetu wakaacha kuteka maji asubuhi.

Papa Antoine alisimamishwa penye njia ya kivuko. Kosa lake lilikuwa zile kalamu mbili. Aliwaambia kwamba yeye alikuwa militant wakati wao wananyonya. Walimkata kwanza mkono wenye saa, wakabishana nani achukue saa, halafu ndipo wakammaliza kwa mapanga. Nilikuwa hatua ishirini. Jioni yake nilipiga lokole kuwaita watu wasikilize tangazo la kamanda wa waasi, kama kawaida. Nakuambia hili ili usije ukadhani sikujua. Watu wa umri wangu hupenda kusema tulikuwa vijana, hatukujua. Mimi nilijua.

Ba-moniteur watano, walimu wa shule, walikuwa wamekimbilia kisiwa cha wavuvi, chini kidogo ya mji. Mmoja alikuwa Bolamba, mwalimu wangu wa darasa la nne. Unajua Mama Cécile anavyomsifu, na yote anayosema ni kweli, alikuwa mtu mpole. Lakini mara moja tu, mbele ya darasa zima, alitazama mwandiko wangu akasema mikono hii iliumbwa kugonga magogo. Darasa likacheka. Nadhani alisahau siku hiyohiyo. Mimi nililibeba neno hilo miaka tisa.

Kamanda aliniita. Alikuwa kijana kuliko mimi, macho mekundu kwa bangi. Akasema: "Ita ba-moniteur batoke kule. Sema vita iko inaisha, masomo itaanza, kila mutu atapewa karatasi yake." Nilimuuliza, "Ni kweli chef?" Akanisukumia fimbo za lokole mkononi. Sikuuliza tena. Ningeweza kupiga ujumbe ule kwa jumla, kwa watu wote wa kisiwani, na labda wangeshuku na kukaa kimya. Kamanda aliniambia niite tu. Majina niliyaongeza mimi. Nilimwambia, na nilijisikia nikijivuna ninaposema, "Naweza kubaita kila mutu na jina yake."

Kwetu mtu alidanganya kwa mdomo kila siku, lakini kwa lokole hakuna aliyewahi kudanganya. Ulikuwa ukipiga kwamba kuna kifo, kulikuwa na kifo. Sijui kama kulikuwa na sheria, hakuna aliyewahi kuihitaji. Nilisimama ufukweni nikapiga jina la Bolamba: mtoto aliyezaliwa mto umejaa, mwana wa mwenye nyavu ndefu, toka, njoo, shule inafunguliwa. Nilipiga vizuri, Félicité. Sikuwahi kupiga vizuri vile. Na ndani yangu nilikuwa nasema, mwalimu, sikia sasa mikono ya kugonga magogo.

Walikuja wote watano kwenye mtumbwi mmoja. Bolamba alikuwa amekaa mbele na shati jeupe, sijui alilifua wapi kule kisiwani. Aliniona akainua mkono. Aliponikaribia alisema, "Lifoli, tumesikia. Ba-élève banaingia shuleni lini?"

Kabla sijamjibu, vijana wa kamanda waliingia majini. Waliwatoa majini wakiwavuta kwa mashati. Wa kwanza walimkata nyuma ya magoti ili asikimbie, ingawa hakujaribu kukimbia. Mmoja mwenye mwili mkubwa aliwashinda wawili, mikuki mitatu ikamwingia na bado alikuwa anatembea kuelekea mtoni. Walipiga kelele, wanawake waliokuwa ufukweni nao wakapiga kelele, na kamanda akanigeukia: "Piga! Usiache kupiga." Nikapiga. Unajua nilipiga nini? Mikono yangu haikupata neno lingine. Nilipiga lile la militant, watu waliokataa kulala, wanaogonga mlango hadi mlango, tena na tena, mpaka Bolamba aliyekuwa wa mwisho alipoacha kusogeza mguu. Damu ilifika kwenye gogo. Kisha waliwasukuma mtoni kwa makasia ya mtumbwi wao wenyewe.

Mwisho wa mwaka jeshi la serikali lilirudi na wazungu wa kukodiwa. Nilikimbilia msitu wa nyuma ya mtaa pamoja na vijana wengine wengi wenye alama za dawa. Siku ya nne tulisikia lokole kutoka mjini. Ilisema vita vimekwisha, rudini nyumbani, hakuna atakayeguswa. Ulikuwa mkono wa mzee mmoja tuliyemheshimu. Wenzangu waliinuka wakajifuta matope. Niliwaambia msiende. Wakaniuliza nimejuaje, nikashindwa kusema nimejuaje. Ningewaambia mimi nimefanya hivyo hivyo, wangebaki hai. Walikwenda kumi na mmoja. Walifunuliwa mashati, wakasimamishwa kwenye ukuta wa ghala, wakapigwa risasi, na aliyebaki anapumua alimaliziwa kwa kitako cha bunduki. Mimi nilipona kwa sababu ya ubaya wangu mwenyewe. Niliporudi nilipasua lokole ya babu yako kwa shoka, nikaichoma, nikanunua bisibisi na pampu.

Ndiyo papa yako huyo. Umri wako wote umekuwa unamheshimu mtu asiyegombana na mtu, asiyeingia chama, anayesema siasa haiko kwa ajili yetu. Ulidhani ni hekima au ni uoga, na mwezi uliopita uliniambia usoni ni uoga. Nilikupiga kofi siku ile kwa sababu hukuwa mbali na ukweli. Nisamehe kwa kofi hilo.

Sitaki kukuzuia kwenda. Nilitaka, mpaka Jumanne. Nilijiambia nitakutisha, nitakuambia neno lile linaua, nami nitakuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini nimelifikiria vizuri, na si kweli. Yule mama wa samaki aliuawa na askari, na Bolamba aliuawa na mapanga na mimi. Kuamka na kumwamsha mwenzako bado ni jambo zuri, hata sasa nalipenda. Kilichoniharibu mimi ni ile raha ya kuitikiwa. Siku utakaposema kitu mbele ya watu nao wakakuitikia kwa sauti moja, na mwili wako ukasisimka, hapo ndipo ukae chini uogope. Na usitumie majina ya watu kwa sababu tu unayajua.

Mama Cécile alijua. Miaka hii yote nimenunua kwanga kwake, ananisalimia "Mbote, papa wa Félicité," ananichagulia nzuri, nami nilikuwa sijui kama anajua. Leo asubuhi nilikwenda kwake. Nilimwambia nakuja kusema. Aliendelea kufunga kwanga kwa majani yake, hakuacha. Akasema: "Ile siku Bolamba alisikia, mie nilikuwa naye kule kisiwani, nilimushika shati, nilimwambia usiende. Akasema hapana, iko mukono ya Lifoli, nilimufundisha kusoma, yeye hawezi kunidanganya. Mutu mwengine angepiga, hangetoka."

Nilikaa pale chini kwenye vumbi, mtu mzima, nikalia mpaka wateja wakaondoka. Hakunituliza. Nilipomuuliza kwa nini hakukutajia jina langu Jumanne, alisema hawezi kumpa mtoto kitu kama hicho mkononi, kazi hiyo ni ya baba yake. Nikamwomba aniambie nifanye nini. Nilitegemea atasema nenda kwa padri, au usinunue tena hapa. Alisema: "Bolamba alikufa, hakuna mutu alipiga lokole yake. Batu ya mutoni bote bakifa banapigiwa. Yeye banamuita tu, bakaacha hapo."

Ni kweli. Desturi yetu ni kwamba mtu akifa jina lake hupigwa, na la baba yake, na neno la kifo, ili vijiji vyote vya chini vijue kwamba asiitwe tena. Bolamba hakupigiwa kwa sababu mpigaji alikuwa mimi, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Kwa lokole yeye bado yuko njiani kuja shuleni.

Kuna lokole moja ya zamani kanisani, hawaitumii ila Krismasi. Nimekwenda kuiazima mchana huu. Sijui kama neno lote bado limo kichwani, lakini kesho saa moja, kabla boti yako haijaondoka, nitakuwa ufukweni hapo Bolamba na wenzake walipoteremka. Mama Cécile atakuwepo. Wazee wa ng'ambo watasikia na watajua ni mkono wa nani, na sijui watanifanyia nini baadaye, mimi na mama yako tutayaona wewe ukiwa mbali. Mama yako nitamwambia akirudi kutoka sokoni.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uisome ukiwa bado hapa, uweze kunikasirikia uso kwa uso. Ukitaka kupita bila kunisalimia, pita. Lakini lete daftari lako ufukweni na ukae karibu na wazee, wakutafsirie, maana mimi sikukufundisha lugha ile na sasa najuta. Nitapiga jina la Bolamba, jina la baba yake, na neno la kifo. Baada ya hapo mpigaji hupiga jina lake mwenyewe, ili ijulikane nani amesema. Ukiambiwa hilo ni la nani, usiache pale wazi kwa ajili yangu. Andika.

Papa yako,
Lifoli